UZI: Kutoka "taifa la damu moja" hadi Treblinka, karatasi kwa karatasi

Mchimba Kumbukumbu (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Mada za Hitler huwa hazivuki ukurasa wa kwanza bila kugeuka soga za masharubu na nyambizi ya kwenda Argentina. Leo tuziweke kando. Nataka tufuatilie neno moja tu, "taifa", tuone lilivyogeuzwa maana Ujerumani mpaka Wayahudi wapatao milioni 6 wakauawa. Mwenye nondo ashushe, mwenye swali aulize.

Naanza. Wajerumani wa karne ya 19 walikuwa na dhana mbili za taifa zinazogombana. Ya kwanza: Mjerumani ni raia wa dola la Ujerumani, analipa kodi, anakwenda jeshini, yameisha. Ya pili ilisimama juu ya neno Volk, na walioishika kwa nguvu walimaanisha ukoo mkubwa wa damu moja wenye ardhi yake na roho yake. Kwa dhana hii, Myahudi ambaye mababu zake wamezikwa Frankfurt vizazi na vizazi, na hajui lugha nyingine zaidi ya Kijerumani, ni mgeni. Akibatizwa, bado mgeni. Chuki ya zamani ya kikanisa ilikuwa na mlango wa kutokea, angalau kwa maandishi: ukibatizwa, umehama kundi. Mwaka 1879 mwandishi Wilhelm Marr akalieneza neno "antisemiti" makusudi, ili uadui utoke kwenye dini uingie kwenye damu. Mlango ukapigwa kufuli.

Halafu likaja 1918. Wakuu wa jeshi wenyewe, Hindenburg na Ludendorff, ndio walioona vita imewashinda wakataka mapigano yasimamishwe. Lakini hadithi iliyosambazwa ni kwamba jeshi lilichomwa kisu mgongoni na wasoshalisti na Wayahudi waliobaki nyumbani. Wayahudi wapatao 100,000 walivaa sare ya Ujerumani katika vita ile, na karibu 12,000 walikufa. Oktoba 1916 jeshi liliagiza Wayahudi walioko vitani wahesabiwe, eti kujua kama wanakwepa. Matokeo hayakutangazwa vita ikiendelea, na kule kunyamaza kukageuzwa ushahidi: "mnaona, wanaficha."

Tarehe 24 Februari 1920, ndani ya ukumbi wa bia wa Hofbräuhaus mjini Munich, chama cha Hitler kilisoma ilani ya hoja 25. Hoja ya 4 ina sentensi tatu: raia ni yule tu aliye mwana wa Volk, mwana wa Volk ni mwenye damu ya Kijerumani bila kujali dini, kwa hiyo Myahudi hawezi kuwa mwana wa Volk. Mengine yote tutakayoongea humu ni utekelezaji wa sentensi hizo tatu. Na walengwa walikuwa watu kama 500,000, chini ya asilimia 1 ya Wajerumani.

Kura: Mei 1928 chama kilipata asilimia 2.6. Septemba 1930, uchumi umeanguka, 18.3. Julai 1932, wasio na kazi wamekwisha kufika milioni 6 mwanzoni mwa mwaka, 37.3. Novemba 1932 kikashuka hadi 33.1, na hapo ndipo wanasiasa wahafidhina walipodhani wameshapata mtu wa kumtumia. Tarehe 30 Januari 1933 wakampa uchansela.

---

Kinyozi wa Mtaa

Mkuu, swali. Kwa hiyo tuseme mpango wa kuua ulikuwepo tangu 1920? Maana kama ulikuwepo, mbona walisubiri miaka zaidi ya ishirini?

---

Shangazi Nyaraka

Kinyozi, swali zuri, na wanahistoria wameligombania sana. Mimi msimamo wangu: lengo lilikuwepo mapema, njia ilitafutwa safarini.

Ushahidi wa lengo upo kwenye barua ya Hitler ya 16 Septemba 1919 kwa mtu aitwaye Gemlich. Anasema chuki ya hisia huishia kwenye ghasia za mitaani, ila chuki ya "akili" itawavua Wayahudi haki kwa njia ya sheria, na lengo la mwisho ni kuwaondoa kabisa. Kuwaondoa. Maana ya neno hilo ndiyo iliyopanuka: kwanza kutoka ofisini, kisha kutoka nchini, mwishowe kutoka duniani.

Sasa angalia utekelezaji, maana humo ndimo itikadi ilimogongana na ukweli kila hatua.

Sheria ya 7 Aprili 1933 iliwafukuza watumishi wa umma "wasio Waaria", yaani hasa Wayahudi. Rais Hindenburg, yule yule mkuu wa jeshi wa 1918, akadai waliopigana mstari wa mbele wasiguswe. Wanazi wakakubali, maana waliamini hadithi yao wenyewe kwamba Wayahudi hawakupigana. Vyeti vya vita vikaanza kuletwa mezani, vingi kuliko walivyotegemea. Hindenburg alikufa Agosti 1934, na mwaka uliofuata msamaha huo ukafutwa.

Halafu Nuremberg, 15 Septemba 1935. Sheria mbili zikapitishwa: moja inamwacha Myahudi kuwa mtu wa chini ya dola asiye na haki za uraia kamili, nyingine inakataza ndoa na mapenzi kati ya Wayahudi na "wenye damu ya Kijerumani", na hata kumkataza Myahudi kuajiri mfanyakazi wa ndani wa kike Mjerumani aliye chini ya miaka 45. Kichekesho, kama hapa pana kichekesho: sheria zilipitishwa bila kusema Myahudi ni nani. Wizara ya Mambo ya Ndani na chama walibishana miezi miwili. Jibu likatoka 14 Novemba 1935:

Mababu na mabibi watatu au wanne Wayahudi, wewe ni Myahudi. Wawili, wewe ni chotara wa daraja la kwanza, isipokuwa kama umo kwenye jumuiya ya dini ya Kiyahudi au umeoa au kuolewa na Myahudi. Hapo unahesabiwa Myahudi kamili. Mmoja, chotara wa daraja la pili.

Na babu anajulikanaje kuwa Myahudi? Kwa dini yake! Hakukuwa na kipimo chochote cha damu. Mapadri na wachungaji waliombwa vitabu vya ubatizo, karani akaandika. Yaani itikadi iliyojinadi kuwa ni sayansi ya mbari ilisimama juu ya daftari la parokia. Ndugu wawili wa tumbo moja, mmoja kaoa Mkristo, mwingine kaoa Myahudi, wakatoka na "mbari" mbili tofauti.

Baada ya hapo mambo yakaenda kwa kasi. Aprili 1938, mali yoyote ya Myahudi inayozidi Reichsmark (fedha ya Ujerumani) 5,000 iandikishwe. Agosti 1938, amri ya kuongeza jina: wanaume "Israel", wanawake "Sara", kuanzia 1 Januari 1939. Oktoba 1938, herufi J nyekundu kwenye pasi, baada ya mazungumzo na Uswisi iliyotaka kuwatambua mpakani. Usiku wa 9 Novemba 1938 masinagogi yakachomwa nchi nzima, wanaume kama 30,000 wakapelekwa kambi za mateso za Dachau, Buchenwald na Sachsenhausen, na Wayahudi wenyewe wakatozwa faini ya Reichsmark bilioni 1 kwa uharibifu waliofanyiwa.

---

Kinyozi wa Mtaa

Sasa si wangehama tu kabla mambo hayajachacha?

---

Shangazi Nyaraka

Zaidi ya nusu ya Wayahudi wa Ujerumani walihama, Kinyozi. Lakini hesabu hatua: unatakiwa visa, na Julai 1938 nchi 32 zilikutana Evian, Ufaransa, karibu zote zikatoa udhuru. Unatakiwa ulipe kodi ya kukimbia nchi, asilimia 25 ya mali. Kinachobaki unabadilishiwa fedha kwa kiwango cha kukunyonya. Kwa hiyo unafika ubalozini fukara, na nchi nyingi hazitaki fukara. Dola linakufukuza huku limekushika mfukoni.

---

Mchimba Kumbukumbu

Dada Shangazi umemaliza upande wa Ujerumani. Niongeze kilichotokea utaifa huo ulipovuka mpaka, maana watu wengi hawalioni hili.

Itikadi yao ilikuwa na madai mawili: damu safi na ardhi zaidi mashariki. Madai haya yanakinzana. Walipoivamia Poland Septemba 1939, waliikuta nchi yenye Wayahudi milioni 3.3. Kila eneo walilolinyakua "kwa ajili ya taifa" liliwaongezea watu wale wale waliotaka kuwatoa. Mwaka 1940 Franz Rademacher wa Wizara ya Mambo ya Nje akaandaa mpango wa kuwapeleka Wayahudi milioni 4 Madagaska, kisiwa ambacho Ufaransa iliyoshindwa ingelazimishwa kukitoa. Ukafa kwa sababu bahari ilikuwa mikononi mwa Waingereza. Na msidhani ulikuwa mpango wa huruma: waliolengwa wangetupwa pale chini ya polisi wa SS, jeshi la chama cha Kinazi, bila mali.

Huku nyuma watu wakasongamanishwa kwenye magheto. (Vijana wa Dar, hapa "geto" siyo kile chumba cha kupanga chenye godoro na spika.) Geto la Warsaw lilifungwa kwa ukuta Novemba 1940: zaidi ya watu 400,000 ndani ya kilomita za mraba zisizofika 4. Mgao rasmi wa chakula mwaka 1941 ulikuwa chini ya kalori 200 kwa siku. Makumi ya maelfu walikufa kwa njaa na homa ya chawa, halafu wakuu wa Kinazi wakaelekeza kidole: "Mnaona, Wayahudi ni wabeba magonjwa." Ndivyo itikadi ile ilivyojithibitisha, inatengeneza hali kisha inaipiga picha.

Kuua kwa gesi nako hakukuanza na Wayahudi. Kulianza na Wajerumani wenyewe, walemavu na wagonjwa wa akili, waliohesabiwa kuwa mzigo kwa Volk. Kati ya Januari 1940 na Agosti 1941, zaidi ya 70,000 waliuawa katika vituo sita. Watu wa vituo hivyo, kama Christian Wirth na Franz Stangl, ndio waliokuja kuendesha Bełżec, Sobibór na Treblinka, kambi za kuulia Wayahudi huko Poland. Hawakuhitaji mafunzo mapya.

Juni 1941 wakaivamia Urusi ya Kisovieti. Vikosi maalumu vinne vya SS, jumla kama watu 3,000, wakisaidiwa na polisi, jeshi na wenyeji, vikaanza kupiga risasi Wayahudi mji kwa mji. Babi Yar nje ya Kyiv, 29 na 30 Septemba 1941: watu 33,771 kwa siku mbili. Karl Jäger, kamanda wa Kijerumani aliyekuwa Lithuania, aliandika ripoti kwa safu kama daftari la duka. Mstari wa mji wa Kaunas, 29 Oktoba 1941: wanaume 2,007, wanawake 2,920, watoto 4,273, jumla 9,200. Amejumlisha vizuri kabisa.

Na waliofyatua? Kikosi cha Polisi wa Akiba namba 101 kilikuwa na wanaume kama 500, wengi wao watu wazima wa Hamburg: makuli wa bandari, madereva, makarani. Asubuhi ya 13 Julai 1942 huko Józefów, Poland, kamanda wao aliwaambia anayeona hawezi ajitoe. Walijitoa kama dazeni moja tu. Hadi jioni Wayahudi kama 1,500 walikuwa wameuawa.

---

Reli ya Kati

Naomba nichangie kwenye eneo langu. Bila reli kambi za Poland zisingefanya kazi, na reli ile iliendeshwa kama biashara ya kawaida.

Shirika la reli la Ujerumani, Reichsbahn, liliitoza SS nauli ya kila abiria: fenigi 4 kwa kila kilomita, daraja la tatu, ingawa watu walipakiwa kwenye mabehewa ya mizigo. Watoto chini ya miaka 10 nusu nauli, chini ya miaka 4 bure. Wakifika abiria 400 au zaidi, punguzo la kikundi, nusu. Tiketi ilikuwa ya kwenda tu. Walinzi ndio waliolipiwa kurudi. Fedha zilitoka kwenye mali walizonyang'anywa abiria wenyewe.

Treni ya watu zaidi ya 400 inahitaji injini, mabehewa, dereva, na nafasi kwenye ratiba katikati ya treni za jeshi. Mtu wa ratiba hawezi kusema hakujua treni inakwenda wapi, na anaiona inarudi tupu. Julai 28, 1942, Albert Ganzenmüller wa Wizara ya Uchukuzi aliandika kwamba tangu tarehe 22 treni moja kila siku yenye Wayahudi 5,000 inatoka Warsaw kwenda Treblinka, na mara mbili kwa wiki nyingine ya 5,000 kutoka Przemyśl kwenda Bełżec. Treblinka ni kijiji. Watu 5,000 kwa siku, kila siku, kijijini, na hakuna anayeuliza wanalala wapi.

Halafu kuna ule ujanja wa mpaka. Amri ya 25 Novemba 1941: Myahudi wa Kijerumani anayeishi nje ya nchi anapoteza uraia, na mali yake inakuwa ya dola. Kwa hiyo treni ikivuka mpaka, nyumba uliyoiacha Berlin imeshataifishwa "kwa mujibu wa sheria". Kabla ya kuondoka ulijazishwa fomu ya kurasa 16: vitanda vingapi, vijiko vingapi, mapazia. Vitu vikapigwa mnada, majirani wakanunua.

---

Kinyozi wa Mtaa

Samahani, lazima niulize hili kwa sababu nimelisikia mara nyingi. Hiyo milioni 6 si wanasema imekuzwa na washindi wa vita?

---

Shangazi Nyaraka

Usiombe samahani. Jibu liko kwenye karatasi za wauaji wenyewe. Nichukue moja tu.

Januari 11, 1943, afisa wa SS Hermann Höfle alituma simu ya upepo kutoka Lublin ikieleza idadi ya Wayahudi "waliopokelewa" kambini hadi mwisho wa 1942. Waingereza waliinasa, wakaifungua fumbo lake, hawakuielewa, ikalala kwenye makabrasha hadi ilipogunduliwa mwaka 2000. Inataja herufi na tarakimu: L 24,733 (Majdanek, Lublin), B 434,508 (Bełżec), S 101,370 (Sobibór), T 71,355 (Treblinka). Jumla: 1,274,166.

Shika kalamu ujumlishe. Haifiki! Inakosekana tarakimu moja. Weka 5 moja zaidi mwishoni mwa namba ya Treblinka iwe 713,555, na jumla inakaa sawasawa mpaka mtu wa mwisho. Mpiga simu alidondosha tarakimu. Na 1,274,166 hiyo hiyo inaonekana kwenye ripoti ya Richard Korherr, mtakwimu wa SS, ya mwaka 1943, ambayo Himmler, mkuu wa SS, aliagiza maneno "kushughulikiwa maalumu" yaondolewe na iandikwe "waliopitishwa kambini". Karatasi mbili, njia mbili, namba moja. Hapo hatujagusa waliopigwa risasi, waliokufa magetoni, wala kambi ya Auschwitz, ambako peke yake waliuawa watu kama milioni 1.1, karibu milioni 1 wakiwa Wayahudi.

---

Bint Kisutu

Wakuu, nimesoma kimya kimya, sasa niingie na upande wetu wa bahari. Sheria za kukataza ndoa za mchanganyiko hazikuanza Nuremberg. Wakoloni wa Kijerumani walizikataza Afrika Kusini-Magharibi, Namibia ya leo, mwaka 1905, na Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1906, Maji Maji ikiwa bado inawaka. Eugen Fischer alikwenda Rehoboth, Namibia, mwaka 1908 kupima vichwa na nywele za machotara, akapata jina kwa kitabu chake cha 1913. Baadaye akaongoza taasisi ya anthropolojia Berlin, na mwaka 1937 akawa miongoni mwa wataalamu waliotumika watoto weusi wa Rhineland, magharibi mwa Ujerumani, walipofungwa uzazi kwa siri. Sisemi kuna barabara iliyonyooka kutoka Windhoek hadi Auschwitz, wanahistoria wanabishana na mimi nawaelewa wanaokataa. Lakini msamiati, vipimo na baadhi ya watu ni wale wale.

Na kuna Bayume Mohamed Husen. Kazaliwa Dar es Salaam 1904, mtoto wa askari, naye akavaa sare ya Wajerumani akiwa mtoto katika Vita vya Kwanza. Mwaka 1929 akaenda Berlin kudai malimbikizo ya mshahara wake na wa baba yake. Hakulipwa. Akabaki: mhudumu wa hoteli na kumbi za starehe, mwigizaji wa filamu, na mwalimu wa Kiswahili chuoni Berlin. Aliigiza hata kwenye filamu ya 1941 ya kumsifu Carl Peters, mwanzilishi wa koloni la Kijerumani Afrika Mashariki, yule yule wa Kilimanjaro. Mwaka huo huo Gestapo, polisi wa siri wa Kinazi, wakamkamata kwa uhusiano na mwanamke Mjerumani. Hakupelekwa mahakamani, alipelekwa Sachsenhausen, akafia huko 24 Novemba 1944.

---

Mchimba Kumbukumbu

Asante Bint Kisutu, mtu anayefundisha Kiswahili chetu kuishia Sachsenhausen, wengi hawajui.

Kabla hatujafunga, tofauti kati ya nchi na nchi. Ujerumani ilihitaji washirika, na utaifa wa wenyeji ndio ulioamua mengi. Slovakia, iliyojiona imepata dola lake, iliilipa Ujerumani Reichsmark 500 kwa kila Myahudi aliyechukuliwa. Bulgaria iligoma kuwatoa Wayahudi wake kama 48,000, lakini ikawatoa zaidi ya 11,000 wa Thrace na Makedonia, maeneo iliyoyanyakua ambako haikuwapa uraia. Nchi moja, mwaka mmoja, 1943, na kitu kilichowatenganisha ni cheti cha uraia. Denmark, Oktoba 1943, Wayahudi kama 7,200 walivushwa kwa mashua za wavuvi hadi Sweden. Uholanzi kinyume chake: masijala ya wakazi ilikuwa safi kupita kiasi, dini ya kila mtu imeandikwa, na kitambulisho kigumu kughushi. Walichukuliwa kama 107,000, wakarudi kama 5,000. Machi 1943 wapinzani walijaribu kuchoma masijala ya Amsterdam. Sehemu tu ya kadi iliungua. Makabati yaliyojaa kadi zilizobanana hayashiki moto kirahisi.

---

Reli ya Kati

Kwa walioko Berlin au watakaopita: shukeni kituo cha Grunewald, fuateni alama ya jukwaa namba 17. Pembeni ya reli kuna vibao 186 vya chuma, kila kimoja tarehe, idadi ya watu, na treni ilikoelekea. Cha kwanza ni 18 Oktoba 1941, kwenda geto la Łódź, Poland. Tembeeni mpaka mwisho wa jukwaa, muangalie cha mwisho: 27 Machi 1945, kwenda geto na kambi ya Theresienstadt. Wakati huo Wasovieti walikuwa wameshafika mto Oder, na zilibaki siku 20 tu waanze kuishambulia Berlin yenyewe. Jeshi lilikuwa linalia halina mabehewa. Nafasi kwenye ratiba ikapatikana.